Dirisha la Karakana

Katika karakana ya magodoro madirisha hayafunguliwi, maana upepo hupeperusha sufi. Wanawake hukaa bega kwa bega wakishindilia, na wiki hii nusu yao wamebaki nyumbani na homa na kikohozi.

Mwatumu, mmoja wa waliobaki kazini, alimuuguza mama yake kikohozi hichohicho. Kwao dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna mwingine aliyeugua.

Bi Raya, aliyekaa mbele yake, akakohoa. Pumzi yake ikarusha kinyoya cha sufi, kikaelea juu ya meza na kutua kwenye mtandio wa Mwatumu.

Mwatumu alikitazama. Kisha akainuka, akasukuma dirisha mpaka likagonga ukuta.

"Funga hilo," alisema msimamizi, Bwana Shebe. "Sufi yangu itapotea."

"Sufi itaokotwa, Bwana Shebe. Mapafu ya Bi Raya utayaokota wapi?"

Bwana Shebe akaja kulifunga mwenyewe, lakini kabla hajafika kikohozi kikamkamata. Kinyoya kingine kikaruka mbele ya uso wake. Wanawake wote wakaacha kazi, wakakifuata kwa macho mpaka kikatoka nje.

Mwatumu alikuwa bado amelishika dirisha.