Glasi ya Zehava

Nilikuwa nimekaa sakafuni dukani mwangu, nyuma ya mlango wa bati, nikisikia fimbo zikigonga maduka ya jirani. Kila mwaka, siku ya maandamano ya bendera ya Israeli, vijana wa Kiyahudi wenye siasa kali hupita sokoni kwetu katika Mji wa Kale wa Yerusalemu wakitutukana sisi Waarabu.

Nje ya mlango wangu alisimama Zehava, Myahudi, akililinda duka, amevaa kizibao cha zambarau cha chama chetu cha amani cha Waarabu na Wayahudi. Asubuhi tulitaniana.

"Kizibao hicho kitakukinga na nini, mwanangu? Hata mvua hakizuii."

"Wewe nipe chai tu, bibi. Na usifungue mlango. Hata ukinisikia nalia, usifungue."

Sasa fimbo zilifika duka la pili.

"Msaliti! Toka hapo!" vijana walimfokea Zehava.

Chini ya mlango pana upenyo mdogo. Niliona mkono wake ukiingia, ukiilaza glasi yangu ya chai ndani, polepole, isije ikavunjwa. Jani la mnanaa lilikuwa bado limenata humo.

Bati likalia juu ya kichwa changu. Mkono ukatoweka ghafla, kama umevutwa.

Niliiweka glasi rafuni. Nikashika komeo nifungue.