Shangazi Anatetemeka

Shangazi alianza kutetemeka tena kwenye taa nyekundu.

"Mwache atetemeke," mama alisema. "Mradi anasimama."

Binti yake aliukamata usukani kwa mikono miwili. Shangazi lilikuwa gari lao kuukuu, lililopewa jina hilo kwa sababu halikuwahi kwenda popote bila kulalamika. Ukifunga breki, usukani unatikisika kama una homa. Ukiongeza mwendo, tairi zinavuma mpaka redio inaona aibu.

Na sasa gari lilihitajika kweli. Duka la dawa lilikuwa limemkubali binti kwa kazi ya kupelekea wagonjwa dawa majumbani, kwa sharti moja: alete leseni kabla ya mwezi kuisha. Leseni yenyewe ndiyo ilikuwa haimtaki. Mtihani wa kwanza alitafuta indiketa akawasha waipa. Wa pili alipanda ukingo wa barabara. Wa tatu mtahini alifunga mkanda tu, binti akaangua kilio kabla hata ya kuwasha gari. Akiwa na mama yake pembeni aliendesha kama amezaliwa garini. Akikaa mtahini, anasahau hata breki iko wapi.

Wa nne ulipangwa Ijumaa. Lakini siku mbili kabla, asubuhi, ujumbe uliingia kwenye simu ya mama, akausoma, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Mtihani umesogezwa."

"Afadhali!" Binti alishusha pumzi. "Angalau tumtibu Shangazi kwanza."

"Vaa viatu. Kuna mtu upande wa pili wa mji. Yeye kazi yake ni kukaa kiti cha abiria na kusikiliza. Hashiki spana, ila hakuna kinachompita."

"Fundi gani asiyeshika spana?"

"Viatu, nimesema."

Walifika kwenye uwanja mpana ambao binti hakuwahi kuuona, wenye mapipa matupu yaliyopangwa mistari. Magari mawili yalikuwa mbele yao, na kila dereva alikuwa anatafuna kucha.

"Wote hawa breki zimewashinda?" binti alinong'ona.

"Waangalie nyuso zao," mama alijibu, akaenda kwenye dirisha la ofisi kuandikisha jina. Aliporudi alikuwa na mwanamume mwembamba, shati limepigwa pasi, mikono safi kama ya mtu wa benki.

"Mimi nabaki hapa," mama alisema. "Mweleze kila kitu."

Yule mwanamume aliingia, akafunga mkanda. "Haya. Gari likoje?"

"Linatetemeka nikifunga breki, fundi."

"Fundi?"

"Samahani, sijui unapenda kuitwaje."

"Nimeitwa majina mabaya zaidi ya hilo. Endelea. Unajua kwa nini linatetemeka?"

Alikuwa anamwuliza mtu sahihi. "Nadhani diski za mbele zimepinda, maana mtetemo uko kwenye usukani. Zingekuwa breki za nyuma ningeusikia kwenye kiti."

Nyusi za mwanamume zilipanda. "Twende. Kata kushoto pale mbele."

Binti alitazama vioo, akawasha indiketa, akakata. "Umesikia? Mvumo haukuongezeka kwenye kona. Kwa hiyo si beringi, ni tairi zenyewe zimelika upande."

"Nimesikia. Simama hapo mlimani." Alisimama. "Ondoka." Shangazi aliondoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

"Hendibreki iko sawa," binti alisema kwa fahari.

"Naona."

Walizunguka mtaa mzima. Mwanamume alisema kidogo sana, jambo lililompendeza binti. Mafundi wengine aliowajua hupiga soga mpaka wanasahau ugonjwa. Mbwa alichomoka nyuma ya lori akakatiza barabara. Binti alikanyaga breki, Shangazi akatetemeka mwili mzima, akasimama. Mbwa aliwatazama, akajiendea zake.

"Umeusikia huo mtetemo?" binti aliuliza kwa furaha.

"Mpaka kwenye meno." Mwanamume alijifuta paji la uso. "Sasa rudi uwanjani. Uingie kinyumenyume katikati ya yale mapipa."

"Kinyumenyume ndiyo unasikia vizuri?"

"Hapo ndipo ninaposikia mengi."

Aliingia mara moja, bila kugusa pipa, huku akimweleza jinsi tairi zinavyobadilisha sauti kila lami inapobadilika. Akazima gari. Upande wa pili wa uwanja mama alikuwa amesimama, mkoba ameubana kifuani kama mtoto mchanga. Binti hakuwahi kumwona mama yake akihangaika hivyo kwa ajili ya breki.

Mwanamume alitoa kalamu mfukoni, akatia alama kwenye karatasi.

"Niambie tu ukweli," binti alisema. "Shangazi amekwisha?"

"Wewe sina la kukulaumu, umefaulu," alisema, akifungua mkanda. "Ila hili gari, dada, lipeleke kwa fundi."