Swali Moja Tu

"Kuna maswali?" mwenyekiti aliuliza, na mratibu wa kongamano la wapima ardhi akachukua kipaza sauti, akashika njia.

Kwa miaka kumi na tisa miguu yake ilikuwa imeikariri njia hiyo: safu ya tatu, kiti cha pembeni, kwa Mzee Swali-Moja, aliyekuwa akiomba swali moja tu kisha akauliza matano, hadi chai ya mapumziko ikapoa.

Alikuwa ameshanyoosha mkono mbele ya kiti kitupu ndipo akakumbuka kwamba walimzika mwezi uliopita.

Hakuna aliyecheka.

"Basi leo chai tutainywa ya moto," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini.

Mratibu akakikalia kile kiti, akasogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nina swali moja tu," akasema.

Kule nyuma, mhudumu akayafunika tena mabirika ya chai.