Kikombe cha Mwenyekiti

Chama cha kujitolea kiliwapikia uji wagonjwa wa hospitali, na desturi yake ilikuwa moja: mwenyekiti hunywa kwanza, mbele ya wote. Bi Tunu alikuwa amekwisha kumaliza kikombe chake pale katibu, Mwanakombo, alipomshika mkono.

"Dada, ule unga wa msaada," alinong'ona. "Nimemuuliza aliyeuleta. Ni mahindi ya mbegu. Yalitiwa dawa ya wadudu, wakayaosha tu, wakayasaga."

Bi Tunu aliuweka upawa chini. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kujipanga, vikombe mkononi.

"Mwenyekiti, leo unatuonea choyo?" mzee mmoja alitania. "Au umeupenda peke yako?"

Wenzake wakacheka. Bi Tunu akaisukuma sufuria kwa mguu hadi ikapinduka, na uji wote ukamwagikia mtaroni.

"Uji huu una sumu," alisema.

Mwanakombo alikwenda mbio kumtafuta daktari. Yule mzee alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kwa kiganja. Bi Tunu akaketi kati ya wagonjwa. Wote waliikazia macho mikono yake, iliyokuwa imeanza kutetemeka.