Kobe na Tone la Chura

Aliyemwambia Kobe kwanza kwamba maji ya mtungini yanakaribia kwisha alikuwa Konokono. Kobe, asiyependa kupoteza hata tone, akaamuru wote waliokaa naye pangoni walale mpaka mvua inyeshe. Hakufunga mlango wa pango mpaka kila mmoja aseme, "Nimetulia."

Konokono akasema. Chura akasita.

"Mama Kobe, mimi niache nisinzie tu, niisikie mvua ikija. Tone moja kwa siku litanitosha."

"Mjanja wewe! Wenzako walale na kiu, wewe unywe? Lala!"

"Haya, nimetulia."

Wakalala fofofo. Mvua ikanyesha siku tisa, ikajaza madimbwi, ikakatika, jua likayakausha. Kiu ilipomwamsha Kobe, mtungi ulikuwa mkavu, na nje palikuwa na matope yaliyopasukapasuka.

"Mvua bado?" akauliza Chura, sauti imemkauka.

"Imekuja, ikapita," akajibu Kobe. "Nilikubania tone, nikatupotezea masika yote."

Kesho yake asubuhi alimpandisha Konokono mgongoni, akamweka Chura karibu na shingo yake asikilize maji yaliko, akashika njia.