Dakika Mbili za Mteremko

Lalamiko la ishirini na saba Mkuu wa Malalamiko alilisoma huku akitafuna karanga. Alipofika mahali palipoandikwa "nilikanyaga breki mara tatu, pedali ikazama kama nimekanyaga uji," alicheka mpaka zikampalia.

"Uji!" alimwambia katibu wake, akijifuta machozi. "Wananunua gari la kazi, kisha wanaliendesha kama toroli. Mkulima mvivu hulaumu jembe."

Akagonga muhuri: KOSA LA DEREVA.

Katibu hakucheka. Ni yeye aliyeipokea barua ya fundi mkuu, miezi mitano nyuma. Barua ilisema kwamba pikapu inayouzwa na kampuni yao ikipakiwa zaidi ya tani moja hukaa chini, bomba la breki likagusa ekzosi ya moto, na kwenye mteremko breki zikafa. Fundi aliomba pikapu zote zilizouzwa ziitwe zirudi zitengenezwe, na mauzo yasimame. Mkuu aliisoma mara mbili, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo.

Siku hiyo mlango wa ofisi ulikuwa wazi kwa sababu feni ilikuwa mbovu. Nje, kwenye benchi, walikaa watu saba, kila mmoja akijipepea kwa bahasha ya malalamiko yake. Mkuu aliwaita ukoo wa Breki-Hazishiki, tena kwa sauti, wasikie.

Akaingia mwanamke mwenye vumbi jekundu miguuni.

"Habari za kazi, baba."

"Sema haraka, mama. Foleni ndefu."

"Mimi ni mke wa yule dereva wa matofali. Aliyepinduka kwenye kona ya machimbo."

"Aa, yule! Anaendeleaje?"

"Mguu una vyuma. Jumatatu anasimama mahakamani, na barua yako ndiyo itakayomfunga. Umeandika gari zima, dereva mzembe."

"Barua haifungi mtu, mama. Kinachomfunga ni huo mguu wake mzito." Mkuu akatupa jicho kwenye benchi aone nani amecheka. Hakucheka mtu.

Mwanamke hakupandisha sauti. "Basi niambie kitu kimoja tu, niondoke. Pikapu hizi ni salama?"

"Kuliko kitanda chako."

"Hata zikiwa na mzigo?"

"Tani mbili! Imeandikwa mpaka kwenye matangazo. Mwanangu wa chekechea anaweza kuishusha mlima huku analamba peremende."

Mwanamke akasogea dirishani. Chini uani ilisimama pikapu nyeupe, tope mpaka kwenye vioo, nyuma imejaa matofali.

"Ile pale ina tani moja na nusu. Twende tushuke nayo huu mteremko wa mbele ya ofisi, mpaka kwenye mzunguko. Dakika mbili. Breki zikishika, nitasaini mbele ya hawa wote kwamba mume wangu ni mzembe, na hutaniona tena."

Bahasha zote zikaacha kupepea.

"Mimi ni mtu wa ofisini, mama."

"Utakaa tu. Nitaendesha mimi."

"Nipande gari linaloendeshwa na muuza matofali!"

"Basi endesha wewe."

"Nina kikao."

"Leo huna kikao, bosi," katibu alisema bila kuinua kichwa.

Kwenye benchi mtu akakohoa, mwingine akadakia: "Si dakika mbili tu, mkuu? Au tumwite mwanao wa chekechea?"

Sasa walicheka, wote saba. Jasho lilimtoka Mkuu hata nyuma ya masikio. Aliutazama mteremko ule, akayatazama matofali, akaiona barua ya fundi kana kwamba droo ni ya kioo. Hasira ikamwokoa.

"Sipandi! Limepita kwa mafundi wa vichochoroni, limefungwa vipuri vya bandia, halafu mimi nitie roho yangu humo? Gari kama lile, na mzigo ule, halifai kushuka hata ngazi!"

"Kwa hiyo halifai kushuka mteremko huu."

"Mwenye akili timamu hathubutu! Nyie ndio mnaoua watu, kisha mnakuja kutuchafulia jina." Akamgeukia katibu. "Andika hivyo hivyo. Gari hilo ni hatari, breki zake si za kuaminika, lisipakiwe, lisishushwe mlima. Tuone Jumatatu hakimu atamcheka nani."

"Namba ya chasisi?" katibu aliuliza.

Mwanamke akasoma kwenye kipande cha karatasi ngumu kilichoning'inia kwenye ufunguo aliokuwa ameushika. Katikati ya namba, kalamu ya katibu ilisita. Akamtazama mwanamke, mwanamke akamtazama. Kalamu ikaendelea.

Mkuu akasaini, akagonga muhuri wa kampuni mara mbili, akamsukumia karatasi kama mtu anayemtupia mbwa mfupa.

"Haya. Kamwonyeshe mumeo."

"Asante, baba. Nitamwonyesha na hakimu."

Hapo ngazi zikalia kwa vishindo. Kijana wa mauzo aliingia akihema, tai begani, tabasamu mpaka kwenye masikio.

"Samahani, bosi. Mama, kumbe uko huku! Nimekutafuta kila pembe. Umelionaje gari letu nililokupa ulijaribu? Na matofali yako limeyabeba vizuri, sivyo? Lile ni jipya kabisa, juzi tu ndiyo nimetoa nailoni kwenye viti. Nikuandikie mangapi?"

Mwanamke alikunja karatasi yake mara nne, akampa ufunguo.

"Limependeza, mwanangu," alisema. "Ila mkuu wenu amekataa kulipanda."