Mngurumo wa Maji

Waya wa spika ulimponyoka Mkia mara mbili. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Leo Profesa anastaafu, na leo baraza la chuo linaamua nani arithi kiti chake. Mkia alikitaka kiti hicho kuliko chakula.

Profesa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchora ramani ya maji ya chini ya ardhi ya nchi nzima. Kila alipochomeka kigingi, pakichimbwa maji yalifoka. Asubuhi alipima kwa vyombo. Mchana, akishakula akashiba, alijilaza kivulini, sikio ardhini, kofia usoni, akawaonya wanafunzi wasimsumbue, anaisikiliza ardhi. Wanafunzi wakamwiga, na wanafunzi wa wanafunzi wao. Vyuo vitatu vilinunua mikeka.

Wengi waliambulia siafu masikioni. Ni Mkia tu, aliyepewa jina hilo kwa kumfuata Profesa kila aendako, ndiye aliyewahi kusikia kitu. Akilala karibu naye alisikia mngurumo mzito, ukipanda, ukikatika, ukianza upya. Aliurekodi miaka kumi na miwili, akapata shahada ya udaktari kwa rekodi hizo. Siku alizokwenda peke yake, mahali palepale, alirudi mikono mitupu. Akaandika kwamba maji yalikuwa yametulia.

Profesa mwenyewe alisema hajawahi kuusikia. Mkia alijua huo ni unyenyekevu wa wakubwa.

"Waheshimiwa," alisema sasa, jasho likimtiririka, "sikilizeni maji yanavyotembea."

Akabonyeza. Mngurumo ukatanda ukumbi mzima. Wajumbe wa baraza wakafumba macho kwa heshima, na mwenyekiti wao akajifuta chozi. Profesa, katika safu ya mbele, alikuwa macho makavu, kalamu mkononi, akiandika mbiombio kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkia alifurahi, akaongeza sauti. Kiti kilikuwa chake.

Kando ya Profesa alikaa mumewe, fundi cherehani mpole, mwenzake wa miaka arobaini, aliyekuwa amesinzia tangu hotuba ya kwanza. Mngurumo ulipopanda tena, mzee alinyoosha kiwiko bila kufumbua macho, akamsukuma mkewe taratibu.

"Mama watoto," alisema, na ukumbi mzima ukasikia, "geukia upande wa pili."